Sababu ya Tatu

Mwalimu Nambunga ananiandikia rufaa.
Gereza zima linamjua: sentensi moja, sigara moja.
"Aliyekiri," anasema, "hatia keshaimeza.
Anachokatia rufaa ni ukubwa wa tonge."
Katika zile siku arobaini na tano, zimebaki tisa.

Sababu ya kwanza: adhabu ni kali mno.
Sababu ya pili: hakimu alikosea kuniondolea miezi sita tu
katika miaka sita, ilhali nilikiri kwa hiari yangu.
"Hiari," anarudia Mwalimu,
ananitazama juu ya miwani iliyofungwa uzi.
"Ulikiri lini?"

Siku ya saba ya kesi, pale Newala.
Mashahidi wanne walikwisha kusimama.
Mlinzi wa ghala, Chipalango, alitoka Kitangari mara tatu
kwa nauli ya kukopa,
mara mbili akaambiwa imeahirishwa, rudi.
Kisha Bi. Hadija Namkopa, mwenye mikorosho kumi na minane.
Aliapa, akafungua pindo la khanga, akatoa vikaratasi vyangu:
gunia la themanini, nimeandika sabini na saba.
Gunia la themanini, sabini na saba.
Alivisoma vyote. Hakulia. Alisoma tu,
kama mtu anayehesabu waliokuja matangani.
Nami kizimbani natikisa kichwa: si kweli, mheshimiwa.
Lile "si kweli" langu lilimkalisha mahakamani
wiki ya kupulizia salfa.
Hakimu aliliandika hilo katika hukumu.
Yuko sahihi.
Usiandike kwamba yuko sahihi, Mwalimu.

Sikununua kangomba, sikuvunja kufuli la mtu.
Kilo tatu. Nani anasikia kilo tatu zikiondoka?
Kwa magunia mia nne ni bati za nyumba
na pikipiki ya mdogo wangu.
Leo mpunja kilo analilia kupunguziwa miezi,
na naona haya kwamba nalilia kweli,
usiku, nikizipanga kwa vidole:
theluthi ingekuwa miaka miwili,
na katika miaka miwili mkorosho mchanga huanza kuzaa.

Sasa ile siku ya saba.
Karani akaita shahidi wa tano.
Mlango ukafunguliwa, akaingia Somoe,
binti yangu, darasa la sita, sare ya shule, soksi moja imeshuka.
Jioni za msimu alikuwa akinishikia taa ghalani
na kuniandikia lile daftari la pili, lenye kilo za kweli,
kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.
Nilijiambia anajifunza hesabu.

Hakimu akainama kidogo.
"Unajua maana ya kusema kweli?"
Akasema, "Najua."
Kisha akanitazama.
Nikasimama kabla ya kuambiwa nisimame.
"Ni kweli, mheshimiwa. Yote. Mrudisheni mtoto shule."

Mwendesha mashtaka alifunga jalada, akapiga miayo.
Kwa sheria nilichelewa miezi kumi na mmoja
na mashahidi wanne.
Kwa Somoe niliwahi kwa pumzi moja.
Au sikuwahi: njia nzima kutoka Kitangari,
ndani ya gari la polisi,
alikuwa akikariri atakavyonisema.

Mwalimu ameinua kalamu.
"Sababu ya tatu?"
Nje wanagonga chuma cha uji.
Nafikiria jiwe la mizani la kupimia pumzi moja,
nafikiria jaji kule Mtwara mjini, jalada la thelathini asubuhi hiyo,
akisoma kwamba mtuhumiwa aliona soksi.
Nafikiria jina la mtoto kwenye karatasi yangu
kwa mara nyingine.

"Mbili zinatosha," nasema.
Anazihesabu sentensi kwa ncha ya kalamu.
"Sigara nane."
Ananisogezea karatasi, natia saini.
Mwandiko mbaya, kama kawaida.
Wa Somoe ungesomeka.